Kabla Hujanunua Kipima Hewa cha Banda la Ng'ombe

Swali hili hurudi kila msimu wa baridi, na wanaoliuliza wengi ni wafugaji wa nyanda za juu, tangu Kinangop hadi Njombe, wenye ng'ombe wawili hadi kumi wanaofugiwa ndani: ni kifaa gani cha kupima hewa ya banda kinachofaa? Ndama wanakohoa, macho ya mkamuaji yanawasha alfajiri, mtu kaona tangazo la kidude kinachotuma namba kwenye simu, na anataka kujua kama fedha yake itakuwa imeingia mahali pazuri. Jibu ni kwamba kidude hicho kitamsaidia mwisho, si mwanzo. Katika banda dogo, hewa mbaya karibu kila mara ina vyanzo viwili, sakafu iliyolowa na ukuta uliozibwa, na vyote viwili vinaonekana kwa macho, vinanusika, na vinarekebishika kwa koleo, msumeno na kazi ya fundi ya siku moja. Vifaa vina mahali pake, nitavifikia. Lakini anayenunua kifaa huku mkojo umetuama miguuni pa ng'ombe atapata namba za kumwambia jambo ambalo pua yake ilishamwambia.

Kinachoharibu hewa

Kemia tuwaachie wenyewe, ila jambo moja lazima lieleweke kwa sababu ushauri wote unaofuata umesimama juu yake. Mkojo unapotoka kwa ng'ombe hauna amonia ya kutisha, una yurea. Kinyesi nacho kina kimeng'enya kinachovunja yurea. Viwili hivi vikikutana sakafuni, ndani ya saa chache amonia inaanza kupanda hewani, na kadiri sakafu inavyopata joto ndivyo inavyopanda kwa kasi zaidi. Ng'ombe mkubwa wa maziwa hukojoa takriban lita 20 kwa siku, kwa hiyo banda la ng'ombe wanne humwagiwa ndoo kubwa nne kila siku kabla hujaosha chochote, na bado hujahesabu mvuke wa pumzi zao. Maji hayo yana njia mbili tu: kutiririka nje, au kubaki ndani yakigeuka mvuke na harufu. Amonia huunguza taratibu utando laini wa njia ya hewa, ule unaonasa vumbi na vijidudu na kuvirudisha juu. Ulinzi huo ukidhoofika, vijidudu ambavyo kwa kawaida hukaa puani bila madhara hupata njia ya kuteremka mapafuni. Ndama ndiye anayetangulia kuumia, kwa kuwa analala huku pua yake ikiwa sentimita chache tu kutoka kwenye chanzo.

Pima kwanza kwa pua, magoti na kijiti cha udi

Saa ya kupima ni alfajiri, kabla hujafungua mlango mkubwa na kabla hujagusa koleo. Anayepima saa nne asubuhi, banda limeshafagiliwa na jua limeingia, amepima usafi wake mwenyewe, wala hajapima hewa ambayo wanyama wameivuta usiku kucha. Jambo la pili ni kwamba pua ya mwenye banda si shahidi wa kuaminika. Pua huzoea amonia ndani ya dakika chache, na mtu anayeingia humo kila siku kwa miaka anahitaji harufu kali zaidi ndipo aitambue. Kwa hiyo kinachohesabika ni pumzi yako ya kwanza tu pale mlangoni. Bora zaidi, mwombe jirani asiyefuga aingie akuambie anachohisi, na ukubali jibu lake bila kubishana. Fanya yafuatayo, kwa mpangilio huu:

- Ingia na uvute pumzi moja kwa pua. Macho yakichonyota au koo likikereketa, hakuna haja ya kifaa cha kukuthibitishia.
- Chuchumaa mpaka pua yako iwe usawa wa pua ya ndama aliyelala, ukae hapo nusu dakika. Wafugaji wengi hawajawahi kunusa hewa ya usawa huo.
- Piga magoti juu ya malalo kwa sekunde 20 hivi, ukiwa umevaa suruali kavu. Ukiinuka na magoti yamelowa, ndama naye amelala kwenye maji.
- Angalia upande wa chini wa mabati na vichwa vya misumari. Matone, ukungu mweusi kwenye mbao na kutu iliyoanzia ndani ni ushahidi kwamba mvuke hauna pa kutokea.
- Washa kijiti cha udi, ukishike mbali na nyasi kavu, upeleke pembe zote nne na kwenye kizimba cha ndama. Moshi ukipanda na kuning'inia palepale, hewa imekufa. Ukiondoka polepole kuelekea paani au upande wa pili, ndivyo inavyotakiwa. Ukilazwa ghafla juu ya mgongo wa ndama, hapo kuna upepo wa moja kwa moja, nalo ni tatizo la aina nyingine.
- Hesabu pumzi za mnyama aliyelala kwa kutazama ubavu wake nusu dakika, kisha uzidishe mara mbili. Hesabu pia wanaokohoa na wenye ute puani.

Andika yote kwenye daftari: tarehe, saa, hali ya hewa nje, idadi ya waliokohoa. Daftari litaonekana la kizamani mbele ya kidude cha simu, lakini wiki mbili za maandishi ya alfajiri zitakuambia kama marekebisho yamefanya kazi. Kidude kinachosomwa mara moja moja, kila mara saa tofauti, hakikuambii.

Vifaa: kipi kianze, kipi kisubiri

Ukitaka namba, anza na kipimajoto chenye kipimaunyevu, kile kidogo cha kutundika. Nunua viwili. Kimoja kitundike ndani usawa wa kichwa cha ng'ombe aliyelala, pasipofikika kwa ulimi. Kingine nje, chini ya kivuli, pasiponyeshewa. Viwili ni vya lazima kwa sababu katika maeneo yetu ya baridi unyevu wa nje alfajiri, wakati wa ukungu, waweza wenyewe kupita asilimia 90. Ukisoma 92 ndani hujajua lolote mpaka ujue nje ni ngapi. Kinachosema kweli ni tofauti. Kwa mabanda yetu madogo ningeweka mpaka hivi: joto la ndani likizidi la nje kwa zaidi ya nyuzi 3 alfajiri, huku mabati yanadondosha, basi joto unalojivunia ni pumzi na mvuke uliofungiwa. Kabla hujaviamini, viweke vyote viwili pamoja mezani usiku mmoja. Vikitofautiana, andika tofauti hiyo na uitoe katika hesabu zako zote.

Baada ya hapo ndipo zinakuja karatasi za kupimia amonia. Ni vipande vinavyoloweshwa kwa maji yasiyo na chumvi, vikapungwa hewani kwa sekunde chache na rangi yake kulinganishwa na kipimo kilichochapwa kwenye kasha. Maji ya bomba au ya kisima huharibu kipimo; maji ya betri yanafaa, ila hakikisha ni maji na si asidi, maana chupa hufanana. Kwa watu, taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inashauri amonia isizidi wastani wa sehemu 25 katika milioni kwa siku ya kazi. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la 2007 kuhusu kuku wa nyama, uliweka ukomo wa 20, ukataka ipimwe usawa wa vichwa vya kuku. Ni sheria ya kuku, sawa, lakini kwetu funzo lake liko kwenye usawa wa kupimia: mnyama ndiye anayeamua urefu wa mkono wako. Kwa ndama, lenga chini ya 10. Ukumbuke vilevile kwamba mtu alinganishwaye na kiwango cha 25 anatoka kazini jioni, na ndama hatoki.

Kipima kabonidayoksaidi nacho kina faida yake kwa mwenye banda kubwa zaidi. Gesi hiyo kwa kiwango cha bandani haimdhuru ng'ombe, lakini ni shahidi mzuri wa hewa kubadilishwa, kwa kuwa chanzo chake kikubwa humo ni pumzi za wanyama. Nje kuna sehemu zaidi kidogo ya 420 katika milioni. Agizo lile la Ulaya liliweka ukomo wa 3000. Kikisoma karibu na hapo alfajiri, banda limefungwa, hata kama madirisha yapo.

Kuna vifaa ambavyo ningekuambia usubiri, pengine usinunue kabisa:

- Vipima vumbi vya bei nafuu. Vinahesabu chembe kwa mwanga, navyo havitofautishi vumbi na vitone vya ukungu. Asubuhi ya Limuru vitakutangazia hatari isiyokuwepo.
- Vitambuzi vya amonia vya kielektroniki visivyokuja na njia ya kusahihishwa. Ndani ya banda huchakaa, na kikichakaa kinaendelea kuonyesha namba kana kwamba hakuna kilichotokea.
- Kifaa chochote kinachoahidi "kusafisha" hewa ya banda lililo wazi upande mmoja. Huwezi kuchuja hewa ya nje yote.

Sakafu ndiyo kazi yenyewe

Kama una fedha ya jambo moja tu, itumie kuutenganisha mkojo na kinyesi. Sakafu ya zege iliyo sawa kama meza ni kosa la fundi ambalo mfugaji hulilipia kila siku. Njia ya kutembelea inahitaji mteremko wa sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita moja, ukielekea kwenye mfereji mwembamba unaotoa mkojo nje, na mfereji huo uwe na mteremko wake. Mkojo ukiondoka wenyewe huku kinyesi kikibaki kusubiri koleo, umekata sehemu kubwa ya amonia kabla haijazaliwa. Mimina ndoo ya maji uone: penye dimbwi baada ya dakika tano ndipo pa kukwangua na kumwaga zege upya. Kwa sakafu ya udongo kanuni ni ileile, isipokuwa mashimo ya kwato yanafukiwa kila mwezi kwa changarawe iliyoshindiliwa, vinginevyo kila shimo ni kikombe cha mkojo.

Kinyesi kiondolewe angalau mara mbili kwa siku, na mara ya pili iwe jioni kabla ya giza. Wengi husafisha vizuri asubuhi, kisha wanawafungia ng'ombe usiku juu ya samadi ya mchana kutwa, halafu wanashangaa harufu ya alfajiri. Samadi ikitoka isirundikwe chini ya dirisha. Ipelekwe upande ambao upepo hauirudishi bandani, ifunikwe kwa majani ya migomba au turubai, nayo itabaki na naitrojeni yake kwa ajili ya shamba. Anayeona kazi ya mara mbili ni gharama aihesabu hiyo pia: amonia inayokuwasha macho ni mbolea yako inayopotea hewani.

Malalo yawe makavu na mengi: maranda, pumba za mpunga, mabua yaliyokatwakatwa. Ondoa kilicholowa ndipo uongeze kikavu. Kurusha maranda mapya juu ya tope hufunika tope na kulipa joto. Tena kuwe na sababu ya kila unachokirusha, kwani hapa ndipo makosa yenye nia njema yanapojaa:

- Chokaa au majivu juu ya mkojo mbichi. Hili huwashangaza wengi, lakini vyote viwili hupunguza asidi, na mkojo unapopungua asidi ndipo amonia inapotoka kwa wingi. Wanaosema chokaa huua vijidudu wako sahihi. Basi inyunyizwe juu ya sakafu iliyokwisha kukwanguliwa na kukauka, wanyama wakiwa nje, wala si kama dawa ya harufu.
- Dawa ya kufulia yenye klorini juu ya mkojo. Klorini na amonia zikikutana hutoa gesi inayobana kifua. Osha kwa maji kwanza, acha yatoke yote, ndipo utie dawa.
- Kuosha kwa maji mengi jioni. Maji yasiyokauka kabla ya usiku yanageuka unyevu wa usiku. Jioni kwangua tu, asubuhi ndiyo ya kuosha.
- Protini kupita kiasi. Ng'ombe anayelishwa mashudu, lusina na majani ya mikunde zaidi ya anavyoweza kutumia huitoa ziada kama yurea kwenye mkojo. Usiikate kwa kubahatisha. Mwombe afisa mifugo akupimie mchanganyiko, kwa sababu mara nyingi kinachokosekana ni chakula cha kutia nguvu kama pumba za mahindi au molasi.

"Lakini watapata baridi"

Hapa ndipo ushauri huu unapokataliwa. Mtu ameshaziba banda kwa magunia na karatasi za plastiki tangu Juni, na ukimwambia afungue anakuona humwonei huruma ndama wake. Hofu hiyo haina upumbavu ndani yake, ila imemlenga adui asiye sahihi. Tumbo la ng'ombe mkubwa, pale chakula kinapochachuka, ni tanuri: ng'ombe anayekamwa na kulishwa vizuri, mwenye manyoya makavu, huvumilia hata baridi ya chini ya sifuri, na usiku wa Rungwe au Nyandarua haumfikishi kwenye kikomo chake kwa sababu tu ukuta uko wazi. Ndama mchanga ni habari tofauti. Katika siku zake za mwanzo huanza kutumia akiba ya mwili kujipasha joto pale hewa inaposhuka chini ya nyuzi 15 hadi 10 hivi, na usiku wetu hushuka zaidi ya hapo. Kwa hiyo ndama anahitaji kusaidiwa, hilo halina ubishi.

Swali ni asaidiwe vipi. Ukiziba banda zima unampa nyuzi mbili tatu za joto na papo hapo unalowesha manyoya yake na malalo yake, na manyoya yaliyolowa hayashiki joto. Ndama mkavu katika hewa ya baridi hukaa vizuri kuliko ndama aliyelowa katika hewa vuguvugu, na mapafu ya yule wa kwanza hayaungui kwa amonia. Mpe joto pale alipo, badala ya kulipasha joto banda zima:

- Malalo makavu ya kina kirefu, kiasi kwamba akilala miguu yake haionekani.
- Ukuta mzima wa pande tatu za kizimba, hadi urefu wa kichwa chake akisimama, na juu pabaki wazi.
- Kama kizimba ni cha chanja iliyoinuliwa, tandika nyasi nene juu ya mbao wakati wa baridi. Upepo unaopita chini ya chanja ndio unaombana usiku.
- Maziwa ya kutosha, yenye joto. Ndama mwenye njaa hana cha kuchoma.

Wengine watasema ng'ombe na watu waliishi nyumba moja miaka mingi, kama ilivyokuwa kwenye nyumba za msonge za Wachaga kule Kilimanjaro, na maisha yaliendelea. Ni kweli waliishi. Lakini nyumba ile iliezekwa kwa majani, nayo majani hupumua. Mabati na zege havipumui. Kuhamishia mazoea ya nyumba ya majani kwenye sanduku la bati ni kuchukua nusu ya ujuzi wa wazee na kuacha nusu nyingine.

Na wezi? Hoja hii ni nzito kuliko ya baridi, hasa kandokando ya miji, na siwezi kuijibu kwa kusema "fungua tu". Ila mwizi huzuiwa na chuma, hazuiwi na ukosefu wa hewa. Ukuta mzima uishie mita 1.2, kisha wavu wa chuma wa kuchomelea au nguzo zilizokaribiana hadi chini ya paa. Matofali ya matundu yanafaa pia, mradi buibui na vumbi vifagiliwe mara kwa mara, kwani baada ya mwaka mmoja matundu madogo huwa yamezibika bila mtu kugundua.

Namna ya kufungua

Hewa hutembea bandani kwa sababu mbili. Upepo unaisukuma kutoka upande hadi upande, na usiku usio na upepo joto la ng'ombe huipandisha mpaka ikutane na tundu la juu. Banda lenye uwazi pembeni lakini lisilo na tundu la juu hupumua siku za upepo tu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kwenye kilele cha paa. Kanuni inayotumika katika nchi za baridi kama Marekani ni sentimita 5 za uwazi kileleni kwa kila mita 3 za upana wa banda. Banda la mita 6 linapata sentimita 10. Hicho ni kiwango cha watu wanaojilinda na theluji, basi kwetu kihesabiwe kuwa cha chini kabisa. Fundi anaweza kuinua kofia ya paa juu ya vipande vya mbao ili mvua isiingie, au upande mmoja wa paa uzidi mwingine kwa urefu. Mteremko wa paa nao uwe wa kutosha, sentimita 30 kwa kila mita moja hivi, la sivyo hewa ya moto hulala chini ya bati bila kukiona kilele.

Pembeni, acha angalau nusu mita wazi chini ya paa pande zote mbili ndefu, mwaka mzima, hata wiki ya baridi kali kuliko zote. Gunia au neti ya kivuli itundikwe upande wa upepo pekee, ianzie chini na iishie chini ya uwazi huo. Kosa linalojirudia ni turubai linaloshushwa kutoka juu: linaziba palepale hewa chafu inapotokea na kuacha chini pa kuingizia upepo miguuni.

Kwa wafugaji wa Tanga, Mombasa na Unguja, magunia hayawahusu, lakini hewa iliyotuama inawahusu zaidi. Kipimo cha pamoja cha joto na unyevu kinachotumiwa na wataalamu wa ng'ombe huonyesha maziwa yakianza kupungua kati ya 68 na 72. Nyuzi 25 zenye unyevu wa asilimia 80 tayari ni karibu 75, na nyuzi 30 zenye unyevu wa 75 hupita 82. Huko upande mrefu wa banda ukingwe na jua lakini uachwe wazi kwa kusi na kaskazi, bila ukuta wowote zaidi ya reli. Kunyunyizia ng'ombe maji bila upepo wa kuyakausha huongeza unyevu na kuwazidishia taabu. Ng'ombe mkubwa anayepumua zaidi ya mara 60 kwa dakika akiwa amepumzika kivulini amezidiwa na joto.

Moshi na vumbi

Moto wa kufukuza nzi na mbu, unaofukizwa bandani jioni, unamwongezea moshi mnyama ambaye tayari ana amonia. Kuondoa samadi kunapunguza nzi kuliko moshi unavyowafukuza. Hei iliyoota ukungu nayo isitikiswe ndani. Vumbi lake huleta ugonjwa wa mapafu unaojulikana kwa wakulima wa nchi nyingi, na mtu huupata polepole akidhani ni mafua yasiyoisha. Ifungulie nje, upepo ukiwa mgongoni, na iliyooza usiwape kabisa.

Si kila kikohozi ni cha hewa

Daftari likionyesha hewa imebadilika lakini kikohozi kiko palepale baada ya wiki mbili, acha kuhangaika na ukuta. Ndigana kali huleta homa, kuvimba tezi na kupumua kwa taabu, nayo huua ndama upesi. Minyoo ya mapafu hukohozesha wanyama wanaokula majani mabichi ya mabondeni. Homa ya mapafu ya ng'ombe ni ugonjwa wa kuripotiwa. Joto la mwili likipita nyuzi 39.5, masikio yakilegea, mnyama akigoma kula, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Usimpe dawa ya kuua vijidudu iliyobaki kwenye chupa ya jirani.

Mahali ambapo pua haifai kabisa

Nimeisifu pua, na kuna sehemu moja ambapo itakuua. Shimo la samadi ya majimaji, na chumba cha kutolea masalia ya mtambo wa bayogesi, hukusanya haidrojeni salfaidi. Mitambo ya kuba, kama ile iliyoenezwa na kituo cha CAMARTEC cha Arusha, ni salama kwa mtu anayeitumia kama ilivyokusudiwa. Hatari iko kwa anayeingia ndani kuizibua. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, na kwa kiwango kidogo hunuka yai bovu. Ikifika karibu sehemu 100 katika milioni huilemaza pua, mtu akadhani imekwisha. Ikipanda mara kadhaa zaidi huangusha mtu kwa pumzi chache. Hutoka kwa wingi pale samadi iliyotulia inapokorogwa. Mtindo wa vifo vya mashimo haya unajulikana duniani kote: mmoja anaingia kuokota ndoo, wa pili anamfuata kumwokoa, wa tatu anawafuata wote wawili.

- Ng'ombe na watu watolewe bandani kabla ya kukoroga shimo lililo chini au kando yake, na pasiwe na sigara wala moto, kwani methani hulipuka.
- Koroga siku ya upepo, ukisimama upande upepo unakotoka.
- Hakuna anayeingia shimoni, hata likionekana tupu, hata kwa dakika moja. Kitambaa puani na barakoa ya vumbi havizuii gesi.
- Kamba na ndoana ndefu zikae karibu na shimo kabla ya kazi kuanza. Aliyeanguka avutwe na walio nje, huku wengine wakiita msaada.
- Mdomo wa shimo uwe na mfuniko wa zege usioinuliwa na mtoto, au uzio wenye kufuli.

Ukitaka kununua kengele ya gesi, inunue kwa ajili ya hapa: ile ya kuvaa kifuani, inayolia haidrojeni salfaidi inapofika sehemu 10 katika milioni. Ikilia, ondoka kuelekea upande upepo unakotoka. Kisha ipeleke kupimwa usahihi wake kama mtengenezaji alivyoagiza, kwa maana kengele isiyopimwa hukaa kimya vilevile kama hewa iliyo safi.